Kuomba ruzuku ukiwa Kigoma: kazi inaanza kabla tangazo halijatoka

Tangazo la ruzuku likitoka tu utaona watu wanavyohangaika, meseji zinatembea kwenye magrupu, "kaka una proposo ya mfano nitumie", "dada tusaidie mwisho ni ijumaa saa kumi na moja", na ukiuliza cheti cha usajili kiko wapi unaambiwa kiko kwa katibu, na katibu yuko Kasulu kwenye msiba. Hapo kwakweli mmeshakosa kabla hata ya kuandika neno la kwanza. Wiki tatu za tangazo hazitoshi kutafuta cheti, kufungua akaunti, kuitisha kikao, kukusanya takwimu na kuandika andiko la maana, hazitoshi, kwa hiyo wanaopata ni wale ambao vitu vinne vya mwanzo walishavimaliza zamani, wao tangazo likitoka wanakaa kuandika tu.

Haya naandika kwa vikundi na mashirika madogo ya huku kwetu, Ujiji, Mwandiga, Uvinza, Buhigwe, Kasulu mpaka Kibondo na Kakonko. Wakubwa wana watu wao wa kuwaandikia.

Ujue kwanza unaomba kwa nani

Watu wanachanganya sana hapa. Kuna kitu kinaitwa mfuko wa jamii, wa kwanza duniani ulianzishwa Cleveland kule Marekani mwaka 1914 na bwana mmoja wa mambo ya benki anaitwa Frederick Goff, wazo lake watu wa mji mmoja waweke hela sehemu moja, zisimamiwe na kamati ya wenyeji, faida inayopatikana wapewe wenye shida na mashirika ya mji huo huo. Jirani zetu Kenya wana mfuko wao wa namna hiyo, KCDF (Kenya Community Development Foundation), toka 1997. Kwetu Tanzania unayemsikia zaidi ni FCS, yaani Foundation for Civil Society, ipo toka mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye ni wa nchi nzima sio wa mkoa mmoja na hela zake nyingi zinatoka kwa wafadhili wa nje, ila kazi ni ile ile ya kuzipa ruzuku asasi za ndani.

Halafu kuna wengine kila mtu na mlango wake. Women Fund Tanzania ni mambo ya wanawake na wasichana. Mfuko wa Misitu Tanzania, wengi wanauita TaFF, huo ni wa serikali, umetokana na Sheria ya Misitu ya 2002 na unatoa ruzuku kwa kazi za misitu, miti na nyuki, na huku kwetu kwenye asali ya Kibondo na Kakonko sielewi kwanini vikundi vya nyuki haviuchangamkii. Balozi nazo zina madirisha yao madogo, Japani wana ule mpango wao wa miradi ya msingi wanaouita Kusanone, wanapenda kitu kinachoonekana kama darasa, wodi, kisima. Australia nao wanatoa, ila wao ofisi inayoshughulikia Tanzania iko Nairobi. Na benki na makampuni ya simu yana taasisi zao, NMB, CRDB, Vodacom.

Sasa usiombe kisima kwenye mfuko wa misitu. Inaonekana ni utani lakini watu wanaomba. Soma tangazo mpaka mwisho, angalia wanataka eneo gani, kiasi gani cha mwisho, shirika liwe na umri gani, na kama mkoa wa Kigoma umo. Kama haumo achana nalo, usijidanganye kwamba wakiona shida yetu watabadilisha mawazo.

Na ile asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ile SIO ruzuku. Ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa, ukiuchanganya na ruzuku kwenye andiko lako msomaji anajua hapo hapo kwamba hujui unachokifanya.

Jingine, toka hela za Marekani zisitishwe mapema 2025, mashirika mengi makubwa yaliyokuwa hayagusi hizi ruzuku ndogo sasa nayo yanaziomba. Kwa hiyo mlangoni pamejaa zaidi, na mdogo asiye na makaratasi ndo anatoka wa kwanza.

Makaratasi, hapa ndo pa kukaa

Kama ninyi ni kikundi cha kijamii, usajili wenu unaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, unaenda halmashauri, mnahitaji katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na barua ya mtendaji. Cheti cha kikundi kinatosha kwa baadhi ya ruzuku ndogo, kwa nyingine hakitoshi, wanataka NGO kamili.

NGO inasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, msajili yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni unaitwa NIS, malipo kwa namba ya kumbukumbu kama mnavyolipa vitu vingine vya serikali. Msiende Dodoma kulala gesti kwa jambo ambalo Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya au mkoa anaweza kuwaelekeza. Toka sheria ilivyorekebishwa 2019 cheti kina miaka 10 kisha unahuisha, ila hiyo haimaanishi ukae miaka 10 kimya, kuna ada ya kila mwaka na ripoti ya kila mwaka, na wafadhili wengi siku hizi wanaomba uthibitisho wa hivyo viwili kabla hata ya kufungua andiko lako. Shirika lenye cheti kizuri na madeni ya ada ya miaka mitatu kwao halina tofauti na lisilosajiliwa.

Benki. Jina kwenye akaunti lifanane na jina kwenye cheti, herufi kwa herufi. Cheti kinasema "Kikundi cha Wanawake" alafu benki wameandika "Wanawake Group", hela inarudi, au mnaanza kuandikiana barua mwezi mzima. Watia saini wawe watatu au wanne, wawili wasaini kila malipo, na wasitoke nyumba moja. Na jamani watia saini wawe watu wanaokaa, huku kwetu mtu anavuka kwenda Congo au Bujumbura na mzigo anakaa huko miezi miwili, kikundi kizima kinamsubiri yeye aje asaini hela ya mbao.

TIN ya shirika, sio ya mwenyekiti. Na ujue kusajiliwa NGO hakukuondolei kodi moja kwa moja, hadhi ya shirika la hisani inaombwa TRA kivyake. Mishahara ikiwepo kuna PAYE, yaani kodi ya mishahara, mkimlipa mtaalamu kwa huduma mnakata kodi ya zuio asilimia 5 mnaipeleka. Hivi vitu ukiviweka kwenye bajeti mapema havikusumbui, ukivisahau vinakula hela ya mradi.

Mwisho wa makaratasi ni daftari. Daftari la mihutasari na daftari la fedha, hata la mkono, hata la shilingi elfu mbili mbili za wanachama. Mimi nikiulizwa kikundi kipi kitapata ruzuku mwaka huu sisomi andiko, naomba daftari la fedha. Kikundi ambacho kimeandika mapato na matumizi ya elfu hamsini kwa mwaka mzima bila kuruka mwezi kinaaminika na milioni tano kuliko kile chenye proposo ya kurasa arobaini na daftari lililoanza kuandikwa juzi. Na anayekagua anaona, wino ule ule, mwandiko ule ule, miezi kumi na mbili yote imeandikwa siku moja, nani hajui.

Tatizo lenu, sio tatizo la dunia

Hapa maandiko mengi yanakufa. Yanaanza na "umaskini ni changamoto kubwa barani Afrika", yanapita Tanzania, yanagusa Kigoma kidogo, yanaishia "hivyo tunaomba". Msomaji kasoma hayo mara mia, na siku hizi yameongezeka yale yanayoandikwa na mashine, yote yanafanana, ukibadilisha jina la wilaya hakuna kinachoharibika.

Chukua mfano wa akina mama wanaoanika dagaa pale Kibirizi. Andiko baya linasema: "Wanawake wa Kibirizi wanakabiliwa na umaskini na ukosefu wa elimu ya ujasiriamali." Sawa, na nani hana hiyo? Andiko zuri linasema hivi: "Dagaa wengi hapa wanaanikwa chini kwenye mchanga. Mvua za kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4 zikinyesha ghafla dagaa wanalowa, wanachanganyika na mchanga, na ndoo ya dagaa hao mnunuzi anaichukua kwa bei ya chini au anaikataa, inaishia chakula cha kuku. Wanachama wetu wakianika kwenye vichanja vya wavu wanakauka juu na chini, wanafunikwa haraka, hawana mchanga." Hapo msomaji wa Dar ambaye hajawahi kuona ziwa ameelewa shida, sababu yake na dawa yake, na bado hujaomba hata senti.

Kisha tia namba, namba zenu. Wiki mbili mtu mmoja akae na daftari mwaloni, aandike ndoo ngapi zimeanikwa, ngapi zimeharibika, bei ya nzuri ngapi na ya mchanga ngapi. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, wana kumbukumbu za samaki wanaoshuka, afisa uvuvi anazo za kwake, waombeni kwa barua. Ni kazi ya wiki mbili na hela ya kalamu, lakini ndo kitu ambacho mshindani wako wa Dar hawezi kukinunua.

Ratiba nayo iendane na huku. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mwalo unalala, kwa hiyo mafunzo pangeni siku za mbalamwezi ambazo mama zetu wana nafasi, usipange katikati ya giza alafu uandike ripoti kwamba mahudhurio yalikuwa hafifu. Na kumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mradi wa dagaa ukiuweka miezi hiyo kama vile hakuna kitu kinachoitwa kufunga ziwa, anayekujua Kigoma atajua umeandikia hotelini. Weka wazi kwenye sehemu ya hatari kwamba ziwa linaweza kufungwa na ninyi kipindi hicho mtafanya nini, labda kujenga vichanja na kutoa mafunzo, ili mkifunguliwa muanike. Wakulima wa Kasulu na Buhigwe vivyo hivyo, msipange mikutano wiki ya kupanda maharage.

Bajeti inavyojengwa

Bajeti isianze na "tunaomba milioni kumi" alafu ukagawe. Anza na kitu kimoja upandishe. Tuseme kichanja kimoja (hizi bei ni za mfano, za kwako nenda dukani uchukue profoma, yaani karatasi ya bei, na zikiwa tatu kutoka maduka tofauti ndo vizuri): nguzo 8 kwa 5,000 ni 40,000, mbao 6 kwa 7,000 ni 42,000, wavu mita 10 kwa 4,000 ni 40,000, misumari kilo 2 kwa 5,000 ni 10,000, fundi 30,000. Jumla 162,000. Vichanja 12 ni 1,944,000. Sasa nguzo wanachama mnaweza kuleta wenyewe, hizo ni 480,000, ziandike kama mchango wenu, kwa hiyo kwa mfadhili unaomba 1,464,000 za vichanja. Umeona? Kila namba ina mahali ilipotoka, mtu akikuuliza kwanini 1,464,000 na sio milioni moja na nusu unamjibu bila kumeza mate.

Mchango wenu usiwe wa kutunga. Kama mnachanga kwenye hisa, semeni mnachanga kiasi gani kwa wiki. Eneo la mwalo mmepewa na kijiji au mtaa, leta barua. Jasho la wanachama linahesabika pia ila lipigwe kwa bei ya kibarua wa hapo, sio bei ya mshauri mwelekezi.

Vinavyosahaulika kila siku: usafiri wa mzigo kutoka mjini, gharama za benki, steshenari, na ukaguzi wa hesabu kama wanautaka. Vinavyojazwa bila haya kila siku: posho. Bajeti yenye posho za vikao nusu ya hela yote inatupwa, na ni haki itupwe. Laptopu tatu kwa kikundi cha dagaa nayo sijui ni ya nini.

Kiasi omba kidogo mara ya kwanza. Kama mwaka jana mlizungusha milioni mbili, kuomba milioni themanini mwaka huu kunamtisha msomaji, anajiuliza hawa watu wataibebaje. Omba nane au kumi, maliza vizuri, rudi.

Kuandika na kutuma

Kama tangazo linaruhusu Kiswahili andika Kiswahili, acha kujitesa na Kiingereza cha kuazima ambacho hata mwenyekiti wako hawezi kukielezea wakipiga simu. Jibu swali lililoulizwa, maneno 200 wakisema 200 yawe 200. Mwandishi awe mmoja, wengine watoe taarifa na kusoma, andiko la watu sita linajulikana, ukurasa wa pili wanufaika 60 ukurasa wa tano wanufaika 150. Mpe mtu ambaye hayumo kwenye kikundi alisome, akishindwa kukueleza mnataka kufanya nini rudia.

Skani cheti, katiba, TIN, taarifa ya benki na barua ya utambulisho ya halmashauri mapema, ziwe pidiefu nyepesi, zikae kwenye simu mbili na kwenye imeili. Tuma siku mbili kabla. Umeme ukikatika Kakonko dakika ya mwisho hakuna mfadhili atakayekuongezea muda.

Usilipe mtu wa kati anayesema ana ndugu ndani. Hayupo, na akiwepo ndo mbaya zaidi.

Wakija kuwaona

Mkipita mchujo wa makaratasi wafadhili wanaweza kuja. Msikodishe watoto wa kuimba wala kupika pilau la wilaya nzima. Weka mezani daftari, cheti, taarifa ya benki, muwepo wanachama wa kawaida sio viongozi tu. Kuna kikundi kimoja najua, mgeni alimuuliza mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa "mradi huu mkipata mtafanya nini kwanza", mama akajibu pale pale, nguzo tunazo, tunasubiri wavu, kichanja cha kwanza kitakaa pale, akanyoosha kidole. Mwenyekiti alikuwa na hotuba ya kurasa nne mfukoni, haikusomwa.

Hela ikiingia

Soma mkataba wote kabla ya kusaini, hasa sehemu ya ripoti, manunuzi na hela zinazobaki. Kwa NGO, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa fedha ufike kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 toka kusainiwa, na ukipokea zaidi ya shilingi milioni 20 unatakiwa kutangaza hadharani mapato na matumizi yake, wanufaika wenyewe wajue. Hata kama mmepata milioni tatu bandikeni tu karatasi kwenye ofisi ya mtaa, hela iliyobandikwa ukutani haina umbea.

Chukua risiti za EFD, zile za mashine ya TRA, kila zinapopatikana. Mwenye nguzo kijijini hana mashine, huyo andaa hati ya malipo, jina, namba ya simu, kiasi, saini, ila muulize mfadhili mapema kama anaikubali na jibu lake litunze. Ukitaka kuhamisha hela toka wavu kwenda mbao omba kwanza kwa imeili, ndo uhamishe. Wengi wanahamisha kwa nia njema kabisa halafu wanaambiwa warudishe.

Picha piga kabla, katikati na baada, pembe ile ile. Omba ruhusa ya watu unaowapiga, kuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, na kwa watoto omba mzazi, kwa maandishi.

Ripoti peleka siku iliyopangwa hata kama mambo hayajaenda. Mliahidi vichanja 12 mmejenga 9 kwa sababu wavu ulipanda bei, andika 9, weka profoma mpya, sema hivyo hivyo. Mfadhili haogopi 9, anaogopa 12 za kwenye karatasi ambazo akija hazioni.

Na mkikosa, waandikieni kistaarabu muombe sababu, baadhi wanajibu. Jibu hilo chapeni, liwekwe kwenye faili pamoja na andiko lenyewe na zile namba za mwaloni, maana dirisha lingine likifunguka nusu ya kazi mnayo tayari, mtabadilisha bei, mtaongeza mwaka mmoja wa daftari, na mtaangalia kama watia saini wote bado wapo mjini.